Nilivyoishusha Sukari ya Soko la Mifugo

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na tatu, ng'ombe wetu wa mwisho alilala chini huko upande wa Griftu na hakuinuka tena. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alibaki na wadogo kwa wajomba, mimi nikashikwa mkono na kaka yangu mkubwa, Gedi, tukapanda lori la ngozi mpaka Garissa. Ngozi mbichi, jua kali, nikatapika njia nzima. Gedi alivua kitambaa chake akanifunga puani, yeye akakaa hivyo hivyo. Nawaambia hili mapema ili mkisikia nilivyomzunguka mtu huyu baadaye, msifikiri mimi ni dada mbaya.

Mimi ni mpika chai. Shule nilikaa mpaka darasa la pili, kusoma nikamalizia kwenye makaratasi ya majani ya chai. Nimepika chai katika soko la mifugo zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kuomba mtu kitu. Sasa mikono inatetemeka, nimewaachia watoto jiko.

Ninawaandikia nyinyi vijana mnaofungua mikahawa yenye viti vya kung'aa, kwa sababu ya Sahra, binti ya Gedi. Majuzi amefungua wake mjini, akaandika ukutani kwa rangi ya kijani: CHAI YA AFYA, SUKARI KIDOGO. Watu wanasoma, wanapita. Mzee mmoja alimwambia, "Binti yangu, mimi siumwi." Sahra akanijia na uso umeanguka.

"Eedo, shangazi yangu, hawa watu hawajali maisha yao."

"Wanajali," nikamwambia. "Wewe umewaambia chai yako ni mbaya kabla hawajaionja."

"Sikusema ni mbaya. Nimesema ni ya afya."

"Dawa ya minyoo pia ni ya afya. Umeona mtu anakaa na wenzake anakunywa dawa ya minyoo?"

Nikamwambia afute huo ukuta. Mtu akiambiwa kimepunguzwa kitu, anakunja uso kikombe kikiwa bado mezani. Nimeona kwa macho yangu: sufuria ile ile, vikombe viwili, kimoja nimesema nimepunguza sukari, kingine nimenyamaza. Cha kwanza kinaachwa nusu, cha pili kinalambwa.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja anaitwa Barwaqo, alikuwa na kibanda cha magunia pale wanapofungwa ngamia. Mkali. Alinipiga na mwiko kwa kutia maziwa ya ngamia kwenye moto mkubwa. Lakini alijua ulimi. Siku moja nilionja chai ya sufuria ya nne, nikaona haina utamu, nikaongeza sukari. Akaonja yeye, akaitema.

"Nani amekuambia haina sukari?"

"Ulimi wangu."

"Ulimi wako umeonja tangu alfajiri, umelala. Ulimi wa mpishi ni mwongo baada ya sufuria ya tatu. Ukitaka kujua ukweli, azima wa mtu mwingine."

Na yeye alikuwa anaazima kweli. Kulikuwa na vijana wanaokaa porini pamoja na ngamia, miezi wanakunywa maziwa matupu, halafu wanaleta wanyama sokoni. Barwaqo anampa mmoja kikombe siku ya kwanza, kijana anafunga macho, anasema hii ni asali au nini, anaomba maji. Kijana huyo huyo akikaa mjini wiki mbili akisubiri mnunuzi, anakuja anagonga kikombe mezani: "Mama, leo sukari imekwisha?" Chai ni ile ile. Mimi nilicheka tu wakati ule. Sikujua kama nimeonyeshwa kitu. Kama ulimi unafundishwa kupanda kwa wiki mbili, kwa nini usifundishwe kushuka? Swali hilo lilinijia miaka mingi baadaye, na lilikuja kwa nguvu.

Lilikuja kwa mguu wa Gedi.

Gedi ni dalali wa ngamia. Dalali kwetu hakai ofisini. Anatembea katikati ya wanyama kutwa nzima, anafungua midomo anatazama meno, anamleta mwenye ngamia na mnunuzi, wanashikana mikono chini ya shuka na bei inasemwa kwa vidole. Halafu wanakaa mkekani, wanamiminiwa chai. Kila biashara na chai yake. Fikiria ni vikombe vingapi vya chai ya Garissa, ile ya kijiko kusimama kwa sukari, vimeingia kwa mtu huyo kwa miaka yote.

Alipata kidonda chini ya kidole cha mguu, akakificha kwenye soksi mpaka kikanuka. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari alikuwa kijana wa huku huku, akasema maneno bila kuyapaka mafuta: "Adeer, mzee wangu, sukari yako iko juu sana. Dawa utameza. Lakini chai hii ikiendelea hivi, kidonda kitapanda, na mguu tutautoa."

Nje Gedi akasema, "Mguu ni wangu. Wakiutoa nitauza ngamia nimekaa."

"Na ngamia watakuja kukufungulia midomo kitini?"

Usiku ule nililia, nikamaliza, nikaanza kazi.

Kwanza nilifanya kosa ambalo mtu yeyote angefanya. Nilinunua flaski ya buluu, nikamwekea chai yake isiyo na sukari. Nyinyi wa mjini hamtaelewa ubaya wake, kwa hiyo nawaelezea. Kwenye mkeka wa biashara chai inatoka flaski moja. Mwenye mali, mnunuzi na dalali wanakunywa kitu kimoja, ndiyo maana wanaaminiana. Mtu akimiminiwa yake pembeni, ama anawaogopa wenzake ama ana ugonjwa asiotaka kusema. Asubuhi ile ile mzee mmoja ametoka Tarbaj na ngamia wazuri, anatazama flaski ya buluu, anauliza, "Huyu wetu anakunywa nini peke yake?" Kufika adhuhuri ngamia wake walikuwa mikononi mwa dalali mwingine.

Gedi alikuja akaiweka ile flaski mbele yangu taratibu.

"Abaayo, dada yangu, umenizika na mimi bado napumua."

Kuanzia siku hiyo akawa anakunywa chai kwa jirani yangu, Hawa. Na Hawa, Mungu amhifadhi, sukari alikuwa anatia kama anajenga ukuta.

Nilijaribu na vile vidonge vidogo vya utamu vya dukani. Gedi aliramba kikombe nilichompelekea nyumbani akasema kina ladha ya betri ya tochi. Nikaionja mwenyewe, nikaona hajasingizia.

Basi nikakaa nikafikiri. Peke yake hawezi kunywa. Chai ya sukari ikiendelea mguu unaondoka. Hapo ikabaki njia moja tu: kama flaski ni moja, basi flaski yenyewe ishuke. Soko lote lishuke na Gedi ashuke ndani yake bila kujua. Nilipoisema mara ya kwanza kwa sauti peke yangu jikoni niliona ni wazimu. Mara ya pili niliona ni kazi.

Sasa sikilizeni namna inavyofanywa, kwa sababu hapa ndipo wengi mnaharibu.

Kwanza nilimrudisha Gedi. Nikapika kwa sukari ile ile ya zamani, nikatuma mtu amwambie dada yako ameacha ujinga. Akarudi, akanywa, akanitazama kwa ushindi. Nikamwacha ashinde.

Sukari nilikuwa napima kwa mkebe wa maziwa ya unga. Nikaanza kuujaza pungufu kidogo sana, kiasi ambacho hata mimi nikionja sijui. Halafu nakaa hapo. Sikuhesabu siku. Nilikuwa natazama bakuli la sukari mezani. Bakuli sikuliondoa hata siku moja. Mkono wa mtu ukienda kwenye bakuli, mimi nasimama hapo hapo, sishuki. Mikono ikisahau bakuli, nashuka tena kidogo. Kijiko cha bakuli ndicho nilibadilisha, nikaweka kile kidogo cha kulishia mtoto. Mtu mzima na ndevu zake anaona haya kuchota mara tano.

Nilipotoa sukari sikuacha pengo. Hiliki niliiponda papo hapo, sikuinunua ya unga. Mdalasini nikaongeza. Maziwa niliyaacha motoni pole pole yapungue, yanakuwa na utamu wake mwenyewe. Pua ikisikia mdalasini, mdomo unafikiri sukari ipo.

Watafunaji wa miraa sikupigana nao. Mdomo uliojaa miraa ni mchungu, unataka sukari kama mtoto anavyotaka ziwa. Alasiri niliwaachia bakuli na kijiko kikubwa. Chagua vita vyako. Mimi nilikuwa nataka watu wa asubuhi, kwa sababu Gedi ni mtu wa asubuhi.

Mwezi wa Ramadhani ulinidanganya. Nikafikiri: watu wamefunga kutwa, ulimi ni safi, sasa nishuke hatua kubwa. Nikashuka. Magharibi wakafungua, wakala tende, wakanywa chai yangu. Mmoja akauliza kama majani yamekuwa ghali. Wote mikono bakulini. Kumbe tende ndiyo iliniumbua. Baada ya tende, chai yoyote ni maji. Nikajifunza: kitu kitamu kisitangulie. Kesho yake nikatoa sambusa ya nyama yenye chumvi baada ya tende, chai nyuma yake, na hakuna aliyelalamika.

Kosa la pili lilikuwa la ulimi wangu mwenyewe, lile Barwaqo alinionya. Kila siku naonja chai inayoshuka, ulimi wangu ukashuka haraka kuliko wa wateja. Ikafika siku mimi naona chai ni tamu kabisa na meza nzima wanatazamana. Nikakumbuka kuazima. Lakini nimwazime nani ambaye ulimi wake bado uko kule juu? Nikamwita Hawa.

"Njoo uonje."

"Chai yako mimi ya nini? Nina yangu."

"Onja, mwanamke, haina sumu."

Kila asubuhi nikawa nampa kikombe. Akisema "haya ni maji ya kuoshea sufuria," najua nimepita kiasi, narudisha. Akisema "si mbaya sana," najua niko sawa. Alifikiri nimechanganyikiwa na uzee. Siku moja akaniuliza uso kwa uso, "Umepunguza sukari?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni mguu wa Gedi. Akaufunga mdomo wake mpaka leo. Baadaye nikasikia na yeye anapunguza, kwa sababu kuna asubuhi Gedi anapita kwake. Mshindani wangu huyo. Watu mnawasema vibaya kabla ya kuwapa kazi.

Mnaniuliza na mafuta je? Mafuta ni makaidi. Nilijaribu kupunguza samli kwenye wali, nikaona wanazoea pia, lakini polepole zaidi, na wali lazima uwe moto. Ukipoa tu, mtu anakumbuka mafuta. Mchuzi mzito na ndimu husaidia. Yote ni kazi ile ile: onja, rudia, onja tena, usitangaze.

Tulikuwa tumeshuka mbali sana ilipokuja siku ya posa ya Sahra.

Familia ya kijana walikuja nyumbani kwa Gedi baada ya alasiri, wazee watano, mbele yao baba wa kijana, Haji Abdi, mtu mzito, anavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Chai niliachiwa niipike mimi, na nilipika ile ya sokoni kwa sababu Gedi atakunywa. Sikujua mke wa Gedi ameshapitisha sahani ya halua. Wageni walikula halua wakamaliza. Gedi hakugusa, halua daktari alimkataza na hiyo angalau alikuwa anatii. Halafu chai yangu ikaingia.

Mimi na Sahra tulikuwa nyuma ya pazia. Haji Abdi alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini. Wengine wakaweka vyao. Kwetu mgeni wa posa akipewa chai isiyo na utamu, amejibiwa hapana. Hahitaji kuambiwa kwa mdomo.

"Gedi," akasema, "tumekuja kwa heshima. Kama jibu ni hili, tuambie, tuchukue viatu vyetu."

"Jibu gani?"

"Chai hii imesahauliwa kitu."

Gedi akainua chake, akanywa, akakunja uso kwa kutoelewa. "Wallahi hii ni tamu. Ndiyo nakunywa kila siku sokoni."

"Basi ulimi wako umekufa, au unatucheka."

"Haji, mimi nikucheke nyumbani kwangu?"

Sauti zikaanza kupanda. Sahra alinishika mkono, kucha zake zikaingia. Alimtaka yule kijana, nilijua. Na mimi nikaona vitu viwili vinaanguka pamoja: ndoa ya mtoto, na siri yangu. Gedi akijua nimemzunguka, kwa hasira yake atarudi kunywa sukari ya kusimamisha kijiko, na mguu utaondoka kweli. Lakini wageni walikuwa wanatafuta fimbo zao. Nikavuka pazia. Shangazi wa bibi harusi ana haki hiyo.

"Haji, kaa. Ni halua imeharibu chai. Nipe muda wa kuchemsha maji."

Nikapika nyingine kwa mkebe uliojaa, kama zamani. Nikamimina flaski moja kwa wote, na Gedi ndani. Haji Abdi akanywa, akavuta pumzi. "Naam. Sasa tumekaribishwa."

Gedi akanywa. Akakaa nayo mdomoni. Macho yake yakaondoka kwa wageni, yakanitafuta mimi mlangoni, yakakaa hapo. Hawezi kuitema, hawezi kuiweka chini, ndiyo kwanza wageni wametulia. Akaimeza kama mtoto anavyomeza kwinini. Kikombe kile alikimaliza kwa heshima ya binti yake, na nafikiri hajawahi kunywa kitu kigumu kama kile. Fatiha ikasomwa, mahari ikazungumzwa, wakaondoka wanacheka.

Alifunga mlango, akaniita.

"Ile chai ya pili ulitia nini?"

"Sukari. Ile ile uliyokuwa unakunywa mwanzo."

"Inakwaruza koo. Nilikuwa nakunywa vile?"

"Kutwa nzima."

Mimi nilisimama, sikuinamisha kichwa. Akauliza, "Ulianza lini?"

"Ulipokataa flaski ya buluu."

"Kwa hiyo madalali wote, wanunuzi wote?"

"Soko lote."

"Kwa mguu mmoja."

"Na ule mwingine. Niliuhesabu pia."

Nilingoja hasira. Alitazama mguu wake kwenye ile kandambili, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mke wake akaja na maji. Akanywa, akapangusa ndevu.

"Basi endelea kupunguza, abaayo. Lakini usiniambie siku gani."

Sidai ni chai peke yake. Dawa alimeza, kidonda kilisafishwa na binti yake kila asubuhi, na kidole kidogo kiliondolewa, hicho hatukukiokoa. Mguu ulibaki. Na nyinyi mkitaka kufanya hivi kwa mzee wenu, kwanza mpelekeni kwa daktari, halafu ndiyo mshike mkebe. Lakini msiniambie watu hawawezi kuacha utamu waliozaliwa nao. Hakuna mtu amezaliwa na vijiko vinne vya sukari. Alifundishwa kikombe kwa kikombe. Mfundishe tena kwa njia ile ile, kikombe kwa kikombe, na usikasirike akirudi nyuma. Wewe uwe na kichwa kigumu kuliko ulimi wake.

Sasa nilicho nacho leo. Hoteli ya mawe yenye meza tisa, watoto wanaiendesha. Nyumba ya vyumba vinne na tangi la maji. Ngamia saba, wako Hulugho kwa mkwe wangu. Mbuzi sijui idadi, wanazaa. Cherehani moja. Hija nimekwenda. Meno yangu mengi bado ni yangu. Gedi simtii kwenye hesabu, yeye si mali ya mtu, na saa hii yuko sokoni katikati ya ngamia, amesimama.